Viti Themanini na Kimoja

Ukumbi wetu una viti themanini na kimoja.
Hicho kimoja, chenye mguu mfupi, ni changu.
Nimeshika funguo miaka kumi na tisa
hapa Ghent, hatua chache kutoka mferejini,
na sijawahi kumuuliza mtu anaamini nini
kabla sijamuuliza ataondoka saa ngapi.

Jumanne wafuga njiwa, na manyoya sakafuni.
Jumatano watawa wawili na vikapu vya nyuzi za sufu.
Alhamisi wasioamini Mungu, ambao hufika mapema
kuliko watawa, na husahau miavuli.
Jumamosi arusi: za Waturuki, za Wabulgaria,
na siku moja ya mabibi harusi wawili
na shangazi aliyekataa kuingia,
akala keki yake kibarazani, kwenye mvua,
vipande vitatu.
Hata yeye nilimpelekea kiti.

Basi Wannes alipokuja, koti limepigwa pasi,
akataka Ijumaa,
nikaandika jina lake kwa kalamu ileile.
Kamati ikaninunia. Achiel akagonga meza:
"Godelieve, hawa watu unawajua?"
Nawajua. Mama yake Wannes ndiye aliyenifunza kukanda unga.
Nikasema maneno ni upepo, na ukumbi una madirisha.

Ijumaa ya kwanza walizungumza juu ya kodi.
Ya pili juu ya zamani, mitaa iliponukia mkate
(bado inanukia; mwokaji sasa anaitwa Orhan).
Ya tatu wakasoma orodha:
nani abaki, nani arudi, nani ahesabiwe upya.
Nilikuwa jikoni nafuta vikombe.
Kimoja nilikifuta hata ua lake likachujuka.

Na Mevlut, nje ya mlango, anangoja wamalize
ili akunje viti.

Mpe mtu shubiri, atataka pima.
Nilijua. Lakini nilijua pia
kuwa anayeshinda akiwapimia wenzake shubiri
mwisho hubaki na ukumbi mtupu
na kamba mkononi.

Ijumaa ya nne Wannes akanijia jikoni, mpole,
kofia kaikumbatia kifuani.
Hakuomba kikubwa.
Yule anayepanga viti (hana ubaya naye, alisema,
hata salamu hupeana)
wiki ijayo awe mwingine.
"Usiku mmoja tu, Godelieve. Utuvumilie."

Neno hilo.
Neno langu, nililolifua na kulianika
miaka kumi na tisa,
leo nalikuta mwilini mwake, limembana mabega.

Mimi si mtu wa hotuba.
Nilisema: ulitaka kusema, ukasema.
Nimekupa taa, nimekupa joto, nimekuoshea kikombe.
Ungesema hadi koo likukauke.
Ila leo hukuomba kusema.
Umeomba mlango, Wannes,
na mlango sijawahi kuukodisha.

Nikalikata jina kwa kalamu ileile.

Achiel alifurahi, akaleta mvinyo. Sikunywa.
Yeye angewafukuza Ijumaa ya kwanza,
kwa sababu ya kodi.
Mevlut naye, nilipomweleza,
aliendelea kubeba viti, viwili viwili,
kisha akasema, bila kunitazama:
"Ijumaa ya tatu nilisikia jina la mama yangu."

Hilo sina jibu lake.
Usiku nahesabu: moja, mbili, tatu,
natafuta Ijumaa niliyopaswa kusimama,
na kila nikiishika inateleza,
kama sabuni kwenye maji ya vyombo.

Wiki iliyofuata akaja kijana wao mmoja, Lowie,
miaka kumi na sita, chunusi na aibu,
kufuata skafu aliyoisahau.
Ilikuwa Jumanne. Akasimama katikati ya vizimba,
njiwa mmoja akamtua begani,
naye asijue mikono aiweke wapi.

Mevlut akamsukumia kiti.
Kile changu.

Kijana akakitazama kile kiti, akautazama mlango.
Mimi nilikuwa na vikombe vya kuosha.