Pilipili ya Shamba

Shemeji Chingwile, gobore nimeliona.
Umelifunga kanga ya marehemu mama yenu, umelipaka mafuta,
umelilaza jamvini kama mgonjwa.
Unasema mwanamke halali dunguni mikono mitupu,
mwaka huu tembo wamevuka mto mapema,
ufuta wa Mpigamiti wameshaufanya mkeka.
Ahsante. Kaa kwanza, kahawa ipo.

Naujua huo mtutu. Usiku ule kurunzi nilishika mimi.
Ndugu yako alishindilia baruti, akashindilia vipande vya nondo,
akasema bismillahi, akapiga.
Ulitoka moshi mwingi kuliko mlio.
Chuma kilimpata tembo begani, kama deni:
aliondoka nalo,
akarudi siku ya nne, mchana kweupe, kulilipa.
Kiatu cha ndugu yako tulikiokota kwenye mbaazi za jirani.
Kimoja. Cha pili sijui.

Askari wa wanyamapori wana bunduki ya kweli, sikatai.
Limbende nilimpigia simu saa nne usiku.
Akasema pikipiki haina mafuta.
Akasema, tembo wangapi?
Akasema wahesabu vizuri, mama, ni kwa ajili ya fomu.
Nani anahesabu vilima gizani, vikitembea?
Alifika kesho yake jioni, akapiga mbili hewani.
Mawingu yalikoma.
Tembo walishamaliza mahindi.

Basi nikaanza kutwanga.
Pilipili kichaa, debe na nusu, kwa kinu nilichoazima kwa Somoe,
na hajanisamehe mpaka leo, kisamvu chake kinawasha.
Nikachanganya na oili chafu ya gereji,
nikachovya matambara, mashuka, kanzu ya ndugu yako ya Idi
(ndiyo, ile ile, usinitazame hivyo)
nikatundika kwenye kamba ya katani, ekari zote tatu.
Marehemu analinda shamba lake bado.

Kuna na ya pili, tulifundishwa:
unga wa pilipili, mchanga kidogo, fataki moja,
vyote ndani ya kondomu, unafunga, utambi unabaki nje.
Nikaenda zahanati. Nesi, mtoto wa juzi, akauliza ngapi.
Nikasema boksi zima.
Akatazama mvi zangu, akatazama boksi.
Nikamwambia ni za tembo.
Ikawa vibaya zaidi.

Sikudanganyi, haina heshima ya bunduki.
Haina mlio wa kusimuliwa barazani.
Upepo ukigeuka, unaila mwenyewe:
Jumanne nilirusha, likalipuka wingu jekundu,
likaenda hatua kumi, likakumbuka kitu, likarudi.
Nilipiga chafya hadi kitambaa cha kichwa kikadondoka.
Na ng'ambo ya kamba, gizani,
jike kubwa, ndama katikati ya miguu yake,
naye akapiga chafya.
Hujapata kusikia, shemeji. Ni lori la korosho linaposhusha pumzi ya breki.
Mimi machozi, yeye machozi,
tumesimama pale kama wafiwa wa maiti mmoja.

Wahenga walisema pilipili usiyoila yakuwashiani.
Hawakulala dunguni, wale.

Kisha akageuka, taratibu,
kama mtu aliyeshauriwa akakubali nusu.
Hakuondoka na chuma begani.
Hana cha kurudishia siku ya nne.

Najua atarudi kwa njaa. Kesho, keshokutwa.
Na yule simba wa bondeni, sijui kama anaijua pilipili.
Kwa huyo sina jibu. Kwa huyo nakomea mlango.

Gobore lichukue.
Au liache, sasa nimekumbuka:
kinu cha Somoe kinatakiwa kwao, mchi wake umenipasukia mkononi,
na mtutu wako, shemeji,
umenyooka, una uzito mzuri.