Ramani ya Viti

Mwaka ule mianzi ya Pichilafquén ilichanua,
mara moja katika miaka sitini na kitu,
ikamwaga mbegu kama mtu anayejifilisi kwa hiari,
kisha ikafa imesimama. Mlima mzima ukawa rangi ya nyasi kavu.

Panya wa mkia mrefu wakala. Wakazaa. Wakala tena.
Lautaro alitega mitego mia kila jioni
na asubuhi alirudi, glavu mbili kila mkono, barakoa usoni,
akihesabu kwa sauti: sabini na mmoja, sabini na wawili.
Alipima mkia, akachukua tone la damu, akaandika.
Mwaka uliotangulia, aliniambia, mitego ileile ilimpa watatu.

Halafu mbegu zikaisha,
na njaa, isiyojua kupiga hodi, ikaingia kwenye mabanda ya kuni.

Daktari Ximena alihesabu pumzi.
Katika hospitali ya mbao yenye vitanda tisa
alinieleza jinsi mapafu yanavyojaa maji kutoka ndani,
mtu akazama juu ya shuka kavu.
Wa kwanza alikuwa Eleuterio, mkata magogo,
aliyefagia banda lake siku ya Jumanne,
mlango kaufunga kwa sababu ya baridi.
Vumbi tu.
Nani amewahi kuogopa vumbi?

Mimi sina mtego wala kipimajoto.
Kazi yangu ni kuuliza nani alikaa karibu na nani.

Nikafika kwa mjane, Orfelina, na karatasi pana kama kitambaa cha meza.
Siku ya ubatizo wa mjukuu, Eleuterio alikuwa na homa.
"Mafua haya," alisema, akavaa koti lake la harusi.
Alikaa wapi? Hapa.
Kulia kwake? Mdogo wangu, Nolfa.
Nyuma yake? Mpiga akordioni, lakini huyo hatulii.
Nikachora duara kwa kila kiti,
mstari mwembamba kwa kila busu la shavuni
(huku ukisalimia bila kubusu, hujasalimia)
na mstari mnene kwa kibuyu kilichozunguka,
mrija mmoja, midomo kumi na minne.
Kinywaji hicho wao hukiita mate,
na lugha ninayoandikia imeshamaliza kazi ya daktari.

Mistari minne iliishia kwenye vitanda. Miwili, makaburini.

"Mimi nililala naye usiku nane," alisema Orfelina.
"Nilimfuta jasho. Mimi utanichorea mstari gani?"
Ximena alikuwa amempima damu mara mbili.
Hakuna kitu. Hakuna hata kivuli cha kitu.
Kalamu yangu ikabaki hewani.

Akasema pia, kana kwamba ni jambo dogo,
bundi alilia juu ya banda mwezi wa Machi,
na kijana wa jirani akampiga jiwe akafa,
maana bundi huja kumwita maiti.
Lautaro akaacha kuandika.
Akatazama banda, akatazama msitu,
midomo ikicheza kama ya mtu anayejumlisha:
bundi mmoja, panya wangapi kwa usiku,
usiku wangapi tangu Machi.
Jibu hakulitoa.
Kijana yule ndiye aliyelala kitanda cha sita.

Kabla hatujaondoka alichemsha maji.
Nilijiandaa kukataa, nikatafuta maneno yasiyokata.
Akaweka mezani vibuyu vitatu na mirija mitatu,
kila mtu na chake, akatuangalia tukinywa
kama mtu anayekula na wageni kila mmoja kwenye chumba chake.
"Sasa hii," alisema, "ni dawa tu."

Ripoti yetu ina grafu kumi na moja.
Humo watu ni nukta, na nukta zina namba.
Karatasi yenyewe ninayo bado, ina alama ya kibuyu pembeni,
na kile kiti cha dirishani nilichokiacha wazi
Orfelina alikijaza kwa mkono wake, akanikaripia:
hapa alilala paka, andika,
usije ukasema hapakuwa na mtu.