Vifungo

Barua ilitaja kifungu cha tisa, sehemu ndogo b,
na wino wa mhuri wa Halmashauri ulikuwa haujakauka.
Mimi ndiye niliyeipiga taipu. Mimi ndiye niliyeipeleka,
kwa miguu, kwa sababu baba alisema
habari ya namna hii haibandikwi stempu.

Baba alikuwa diwani. Kabla ya hapo, mkereza vyuma;
vidole viwili alikiachia kiwanda
na vile vinane alivitumia kuonyesha ramani:
Hapa hapatapita gari. Hapa mama na kigari cha mtoto.
Hapa miti. Hapa zahanati, bila senti.
Coventry ni ya wavuja jasho, ndugu zangu, si ya wenye viwanja!
Ukumbi ukapiga makofi
kwa mikono yenye grisi,
nami nikapiga hadi viganja vikawaka.

Mzee Horace Tipling aliuza vifungo.
Vya pembe, vya shaba, vya lulumizi,
katika nyumba ya boriti nyeusi iliyoinamia njia
kama mtu anayedukua umbea kwa miaka mia nne.
Usiku ule wa Novemba, wa mbalamwezi na mabomu,
moto ulikula upande wa kulia,
ukafika kwenye ngazi, ukachoka.
Kushoto kukabaki kaunta, droo mia mbili,
na paka.

Alisoma amesimama. Akavua miwani, akaivaa tena.
"Wajerumani walichukua nusu," akasema.
"Nanyi, ndugu, mmekuja kumalizia."

Hilo *ndugu* lilinikaa kooni.

Nilikuwa na majibu. Nimelelewa na majibu.
Nikamtajia familia sita kwa bomba moja la uani.
Nikamtajia Ivy, dada yangu, na kifua chake,
chumba cha nyuma, mtaa wa pili kutoka pale,
ukuta ukitoka jasho Januari hadi Januari
chini ya boriti zilezile wanazozipenda wapiga picha.
Usipoziba ufa, nikasema, utajenga ukuta.
"Binti yangu," akasema, "ufa wangu mimi
niliuziba kila mwaka. Kwa chokaa. Kwa mkono huu."

Walikuja Jumanne na minyororo.
Mwaloni ule ulivunja meno ya msumeno wa kwanza.
Baba alikuwepo, kofia mkononi,
na boriti kuu ilipolala chini akachuchumaa,
akapitisha vidole vyake vinane kwenye kiungo:
hakuna msumari, ulimi wa mti ndani ya mdomo wa mti.
"Huyu fundi," akanong'ona,
"angekuwa mwanachama wetu."
Kisha akasimama, akawaashiria waendelee.

Halafu chuma hakikuja.
London ikasema subirini; tukasubiri.
Miaka mitatu kiwanja kiliota maua ya zambarau
yapendayo majivu, na kila mvua
matope yalitema vifungo.
Watoto walivichezea kamari.

Leo njia ni nyoofu, na ina jua, siku za jua.
Zahanati ipo: mwanangu alizaliwa
na daktari hakuomba hata shilingi.
Sitaki mtu aniambie hilo ni dogo.
Paa bapa za maduka zinatuamisha maji.
Kodi ya mali ya umma ilimshinda mtu wa umma;
pale pa Tipling pana kampuni ya viatu.
Yeye alichukua fidia, akahamia Rugby kwa dada yake.
Hakurudi hata kutazama.

Asubuhi ya maziko ya baba
koti lake jeusi lilikosa kifungo cha pili.
Nikatafuta katika kopo la matope yale,
nikapata kimoja cha pembe, kahawia,
nikakishona kwa uzi mara mbili.
Hakifanani na wenzake.
Kilishika.