Bomba la Kurudi

Usinikunjie uso, Mama Kokusima.
Nimetangulia na tepu, nyundo itafuata.
Kutoka ukuta huu wa chumba chako cha kushonea
hadi kule juu, ubavuni mwa tangi la maji,
ambako mwenye nyumba ameamuru mashine ikae:
mita kumi na moja,
kona tatu,
na katika hizo, mita nne za kupanda.
Naandika kiganjani. Karatasi za Sinza hulowa jasho.

Unanionyesha lile koili aliloliacha shemeji yako,
jembamba, limejikunja nyuma ya cherehani mbovu.
"Kwani hiyo si shaba? Shaba si shaba?"

Shaba ni shaba, mama. Na koo ni koo,
lakini la kuku na la ng'ombe
hayanyweshwi kwa kata moja.

Sikiliza. Mabomba ni mawili.
La kwenda ni jembamba, maana gesi inakwenda
imebanwa mpaka imekuwa maji,
na maji hayana makuu, robo inchi yanapita.
La kurudi ndilo lenye maneno.
Huku ndani gesi imebeba joto lako lote,
la pasi, la mashine sita, la sare mia mbili
zinazotakiwa kabla shule hazijafunguliwa.
Imevimba. Imekuwa pumzi.
Anayerudi na mzigo hupishwa.

Nitakwambia jambo ambalo mafundi hatuliambii wateja.
Mwaka niliotoka VETA Chang'ombe
nilifunga kiyoyozi saluni kwa Tumpe, Tabata Kimanga.
Palipotaka nusu inchi nikalaza thumni tatu,
chenji nikailia chipsi mayai.
Januari ikaingia. Mashine ikawa inavuta
kama mtu anayenywa uji mzito kwa mrija,
na Ijumaa moja, maharusi wawili wakiwa kwenye viti,
kompresa ikaungua.
Tumpe hakunitukana. Alizima taa tu, akafungua madirisha.

Aliyeumwa na nyoka huogopa ung'ongo;
mimi nikaogopa kila kilicho chembamba.
Kigamboni, duka la dawa la Mkwizu,
nikaweka bomba la kurudi nene kupita kibati kilivyosema.
Nikajiambia: panapopita kikubwa na kidogo hupita.
Miezi mitatu nikasifiwa.
Kumbe mafuta ya kompresa husafiri kwa kudandia gesi,
na gesi kwenye njia pana mno hutembea kivivu,
haiwezi kumpandisha abiria wake mlima.
Mafuta yakalala njiani.
Juu, chuma kikasaga chuma.

Kwa hiyo leo asubuhi Gerezani,
Alnoor aliponiuliza, "Nikupe nene au nyembamba?"
nilimjibu: nipe inayosomeka.
Elfu kumi na nane, kibati kinasema:
robo kwenda, nusu kurudi.
Na hapa chini, kabla ya kupanda,
nitalikunja kidogo kama kiwiko,
mafuta yapate pa kujikusanya kabla ya kuvutwa juu.
Yote mawili nitayavisha sponji, kila moja na lake.

Imezidi elfu themanini, najua.
Najua pia bei ya kitambaa imepanda.

Mama Kokusima hakujibu.
Alivua futi yake shingoni,
ile ya kitambaa, namba zimefifia,
akaanza kupima ukuta wangu
kipande kwa kipande, pini mdomoni,
kama anayempima mtu mnene asiyetaka kuambiwa.
Akazunguka nguzo. Akapanda ngazi mpaka kwenye tangi.
Akateremka, akatema pini.

"Kumi na mbili na nusu, fundi.
Hii nguzo uliiruka."

Nikalamba kidole,
nikafuta kiganja,
nikaandika upya.