Sheria Haina Pua

Tangi la Edwin Postlethwaite limejaa.
Hana haja ya kutangaza; upepo umekwisha kusema.
Tangu katikati ya Oktoba sheria ilimfunga mikono,
leo ni Januari, tarehe kumi na sita,
na trekta lake linakohoa uani tangu alfajiri
kama mzee aliyenyimwa sigara miezi mitatu.

Sheria anaihesabu kwa vidole:
mita kumi kutoka kijitoni,
hamsini kutoka kisima na chemchemi,
si juu ya theluji, si juu ya barafu,
si juu ya udongo ulioshiba maji hadi kucheua.
Mwezi uliopita alikuja afisa wa mazingira,
buti mpya, lebo bado inaning'inia,
akapima ukingo kwa utepe,
akachota maji kichupani, akayainua juani
(jua lenyewe la kuazima),
akasema, "Sawa."
Sheria ikaridhika, ikapanda gari, ikaenda zake.

Lakini sheria haina pua.
Haijui siku ninayofua.
Haijui dirisha la Bi Hesketh, nyumba ya pili,
lisilofunga tangu mumewe afe,
maana ni yeye aliyelijua pa kulipiga ngumi.
Haimjui yule bwana wa kutoka Manchester
aliyenunua zizi akaliita nyumba,
akaweka kioo ukuta mzima ayaone mashamba,
kisha akapiga simu halmashauri
kuuliza mashamba yananuka kwa idhini ya nani.

Na mimi nililalamika. Niseme kweli.
Mwaka wangu wa kwanza hapa Askerby,
nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee,
sare tano nyeupe kambani.
Naamka saa tisa alasiri, zote zinanuka zizi.
Nikaenda hadi langoni kwake
na Kiingereza nilichokipanga vizuri;
njiani kikadondoka, neno moja moja.
Nikafika na sare tu. Nikamnyooshea.
Akainusa.
Akavua kofia.

Mama yangu, kule Rombo, aliibeba samadi kwa karai,
kichwani, mpaka migombani,
maji yake yakimtiririka shingoni
huku akipiga hesabu ya ada zetu.
Samadi ndiyo iliyonisomesha
mpaka nikajua kuiita uchafu.

Tangu siku ya ile sare, Edwin hugonga usiku, mara mbili:
"Kesho, saa mbili. Upepo wa mashariki.
Nitatumia mabomba yanayoburuta chini,
si lile la kurusha angani."
Naye hasubiri jibu. Naanua nguo.

Jana aligonga, akabaki mlangoni.
Bi Hesketh amefariki Jumapili, dirisha wazi.
Mazishi ni Alhamisi, saa tano,
na kanisa linapakana na shamba lake la chini.
Alhamisi ndiyo siku pekee kavu;
Ijumaa inaanza mvua ya wiki nzima,
na udongo ukishiba, sheria itamfunga tena.
"Wewe ulimwogesha," akaniambia. "Angesema nini?"
Nikafikiri. Alikuwa binti wa mkamua ng'ombe.
Angesema, mwaga.
Lakini sikuweza kumsemea marehemu,
nikamwambia sijui.

Alhamisi trekta halikuwaka.
Tuliimba vibaya, tukala keki yenye zabibu nyingi mno,
hewa ilikuwa safi hata ikatutia aibu.

Leo Ijumaa, mvua.
Jioni Edwin ametumbukiza fimbo tangini
akaitoa, akatuonyesha:
imebaki shibiri moja kufika ukingoni.
Tumesimama kwenye tope, watu wanne,
hata yule wa Manchester, viatu vyake vimekwisha.
"Litafurika?" anauliza.
"Labda," anasema Edwin.
Anauliza tena kama kuna koleo la ziada.
Hakuna aliyeziba pua.