Jembe

Nilipowaambia ngoma hii inaitwa jembe
walicheka mpaka Shomvi akaanguka mkekani.
"Mwalimu, tunalima nini?"
Nikasema: huko Gini ndilo jina lake,
hailimi, inaita watu.
Mwanamvua akanisahihisha:
"Basi ni mbiu."

Jumamosi, wakishatoka chuoni,
nyuma ya ghala la chumvi, Dunda,
tunaanika ngozi juani zikaze.
Katikati, du. Ukingoni, ta. Vidole wazi, pa.
Kibwana anapiga kama anaua mbu.
Miguu nayo: visigino juu, nasema,
kifua mbele, kama ndege anayetaka kuruka akaghairi.
Viuno vyao haviniulizi.
Vinateremka taratibu kwenye mdundiko
wa harusi ya juzi, ya shangazi yake Tabu.

Nilitaka kuwasimamisha. Mkono ulikwisha inuka.
Halafu nikasikia du na ta
zimeshika njia ambayo sikuwachorea,
na mkono ule ule nikaushusha kwenye ngozi,
nikawafuata.

Magharibi inakaribia. Shomvi ananirudishia ngoma,
ananionyesha kiganja: lengelenge,
bichi, chini ya kidole cha kati.
"Si unaona, mwalimu?
Hili linalima."