Sekunde Moja na Nusu

Kwanza nyundo inashuka. Kimya.
Inapanda tena, na ikishafika juu ya bega lake
ndipo ko! inanifikia huku ng'ambo,
kana kwamba mama anavunja hewa, si mawe.

Kabale, nina miaka kumi na mitatu,
ukungu bado haujainuka bondeni.
Mwalimu Bigirwenkya ananiazima saa yake ya kupimia mbio:
"Bonyeza ukiona. Bonyeza tena ukisikia."
Sekunde moja na nusu.
Sauti, anasema, asubuhi ya baridi kama hii
huenda mita mia tatu thelathini na sita kwa sekunde;
jua likiwaka huongeza mwendo kidogo.
Hata yenyewe haipendi kuamka mapema Kigezi.
Nikazidisha kwa kijiti kwenye udongo:
mita mia tano na nne
toka ua wa shule hadi mkono wa Kyarisiima, mzazi wangu.
Sikuwahi kujua kwamba umbali wa mama hupimika.

Jumamosi tulishuka Bunyonyi.
Mwalimu akatupa kokoto karibu na mafunjo,
akatuonyesha jani kavu juu ya maji.
Maduara yakalipitia. Likapanda, likashuka,
likabaki palepale.
Sisi tulitarajia lisukumwe hadi ukingoni.
"Umbea," akasema, "huzunguka soko zima,
na muuza viazi hajaondoka kwenye gunia lake."
Usiku nikaandika nyuma ya daftari, nisije nikasahau:

    Sauti yataka njia, hewa, maji, au jiwe;
    Nuru hata bila njia, haihitaji mwenziwe;
    Wimbi likishapitia, maji yabaki yenyewe;
    Nguvu huhama, sikia, kitu hakihami, wewe.

Mtihani niliushinda.
Masikio ya mama yakashindwa.
Miaka ishirini ya nyundo, kila pigo limepita humo
likiondoka na kipande.

Sasa natengeneza redio, kibanda kando ya stendi,
na ile ya nyumbani nimeifungua mgongo makusudi.
Mama huweka kiganja juu ya spika.
Spika ni nini? Karatasi inayoisukuma hewa,
inaivuta, inaisukuma.
Mnara wenyewe uko nyuma ya mlima, hatuuoni:
nuru ina mawimbi mafupi mno, mlima huyakata kama kisu.
Lakini ndugu yake wa redio, mita tatu na ushei,
upana wa jiko letu,
hujikunja begani mwa mlima, akashuka,
akapenya ukuta, mbuzi, kifua changu,
bila hodi, bila kunikanyaga.

Saa moja jioni mama ananiambia, "Wanasoma vifo."
Anajua kwa mwendo:
jina, pumziko, kijiji, pumziko.
Jina lenyewe namwandikia kwa kidole
kwenye kiganja kile kingine.
Siku ya Rwabutoto alikikunja haraka
kama aliyeshika kaa la moto.

Hakuacha mawe. Nimemkataza; anacheka.
Basi nikipita ule ua wa shule, siiti.
Natoa kioo kidogo cha kunyolea,
nakamata jua, nalirusha ng'ambo.
Bonde lile lile.
Sehemu mbili za milioni ya sekunde, hazijatimia,
na uso wake umeshawaka.
Anainua mkono. Ananitukana kwa furaha, nadhani;
maneno yanafika yamechakaa.

Kisha anarudi kazini.
Nyundo inashuka. Kimya.
Nahesabu, ingawa jibu nalijua.
Ko!
Yeye mwenyewe haikumfikia.
Imekuja huku yote.